Safu ya Kumi na Nne

Taarifa ya mwezi ya kituo chetu cha afya ina safu ishirini na mbili, na mimi ndiye ninayezijaza. Safu ya kumi na nne inauliza idadi ya magari ya wagonjwa yanayofanya kazi. Tangu nilipofika Kwemhingo mwezi wa Januari, kwa mkataba wa mwaka mmoja, kila mwezi niliandika moja.

Gari lenyewe lilikuwa nje ya dirisha langu. Giaboksi yake ilikufa Oktoba, kabla sijafika. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, dereva wetu Twaha aliliosha mpaka linang'aa, akaketi kidogo kwenye usukani, kisha akashuka na kufunga mlango taratibu. Kuku wa jirani walitaga chini yake.

Mwezi wa kwanza nilimuuliza mganga mfawidhi, Daktari Peter.

"Dokta, hapa niandike sifuri?"

Aliangalia mlangoni kwanza. "Ukiandika sifuri, wiki ijayo wanakuja kulivuta. Wenzetu wa ng'ambo ya mto waliandika sifuri mwaka juzi. Wameliona tena gari lao?"

"Sijui, dokta."

"Hawajaliona. Likiwa hapa, siku moja tutapata giaboksi. Likiondoka, limeondoka. Andika moja."

Niliandika. Mwenyekiti wa kijiji alijua, akina mama wa kliniki walijua, kila mtu alijua. Walikuwa wanalilinda gari lao. Hakuna aliyeona kama ni uongo, na mimi ni mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi kwa jirani. Ningeanzia wapi kubishana na kijiji kizima?

Februari aliletwa Simaloi, binti wa wafugaji wa upande wa mbugani, uchungu umemshika tangu alfajiri na damu inatoka. Daktari Peter alisema lazima afike hospitali Korogwe. Mimi ndiye niliyepiga simu wilayani kuomba gari.

"Kwemhingo?" sauti ya upande wa pili ilisema. Nilisikia karatasi zikifunuliwa. "Nyie si mnalo lenu? Naona hapa, moja."

Nilishusha simu. Ile moja niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Simaloi alipakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na kaka yake Loishiye, mpaka Kabuku kwenye barabara kuu. Pale wakasimamisha basi la kwenda Korogwe. Simaloi alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku hiyo, kila nilipofika safu ya kumi na nne niliiruka kwanza, nikairudia mwisho, lakini moja niliiandika, Februari, Machi, Aprili, Mei. Nikiibadilisha, wangeniuliza kwa nini mwanzo niliidanganya serikali.

Mwezi huo wa Mei alikuja kliniki Siamanta, mke wa Loishiye. Kadi yake ilionyesha kwamba mtoto wa kwanza alimpata kwa upasuaji. Huyu wa pili asingeweza kumzalia hapa kwetu. Nilihesabu wiki kwa vidole na kuona zinaishia mwanzoni mwa Julai.

"Nenda Korogwe mapema ukasubirie huko," nilimwambia.

"Korogwe sina mtu, dada Munira. Na huyu nimwache na nani?" Alimgusa kichwani mtoto wa miaka miwili aliyeshika shuka lake. Kisha akasema polepole, "Mimi kwenye pikipiki sipandi. Wifi yangu nilimwona aliporudi."

Alikuwa akinitazama kana kwamba nilikuwa na gari mfukoni.

*

Jumatatu moja ya Juni ujumbe uliingia kwenye simu ya ofisi: HARAKA SANA. Taarifa za kujibia swali la Bunge. Loishiye alikuwa amekutana na Mheshimiwa Justa, mbunge wa viti maalumu, kwenye mnada wa ng'ombe, akamwambia, "Kwetu kuna gari linaogeshwa kila Ijumaa lakini halitembei." Mheshimiwa alikuja kimya kimya siku moja, akaliona, akaondoka. Sasa swali lilikuwa limeandikwa: Je, ni lini Serikali itapeleka gari la wagonjwa linalofanya kazi katika Kituo cha Afya Kwemhingo?

Wizara iliuliza mkoa, mkoa ukauliza wilaya, wilaya ikatuuliza sisi. Jibu la Waziri lilikuwa linangojea mezani kwangu, na lilitakiwa kabla ya saa nne.

Daktari Peter alisimama nyuma ya kiti changu. "Jaza kama kawaida."

"Dokta, hili linakwenda bungeni."

"Ndiyo maana nakuambia kama kawaida. Ukibadilisha leo, wataangalia miezi ya nyuma. Jina lililo pale chini ni la nani?"

Lilikuwa langu. Munira Hiza, mara tano. Nilimfikiria mama yangu, pale Korogwe, aliyewapitia majirani mlango kwa mlango kuwaambia kwamba mwanawe amepata kazi ya ofisini. Nikamfikiria Siamanta. Saa nne kasoro dakika tano niliandika moja na kutuma.

Alhamisi Twaha aliweka simu yake juu ya ndoo tupu ili sauti isikike vizuri, tukasikiliza Bunge barazani, sisi na wagonjwa.

"Mheshimiwa Spika," alisema Naibu Waziri, "Serikali inatambua umuhimu wa huduma za dharura. Kituo cha Afya Kwemhingo kina gari moja la wagonjwa, linalofanya kazi, na linaendelea kuwahudumia wananchi."

"Kumbe!" Twaha alipiga makofi. "Jamani, nani analiendesha? Mbona mimi dereva sijaambiwa?"

Watu walicheka. Bibi Mwaija, anayeuza maandazi getini, alicheka mpaka akajifuta machozi na kanga. Mimi sikucheka. Nilijua maswali ya nyongeza hayajaja.

Sauti ya Mheshimiwa Justa ilikuwa ya upole. "Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu. Nina swali moja la nyongeza. Gari hilo nimeliona kwa macho yangu, chini yake kuna kuku wanaatamia. Je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami Jumamosi hii, akalipande?"

Bunge lilicheka. Naibu Waziri naye alicheka kidogo. "Mheshimiwa Spika, niko tayari."

Barazani hakuna aliyecheka tena.

*

Ijumaa gari halikuoshwa. Alasiri Twaha na wenzake walilisukuma kwenye mteremko mpaka nyuma ya nyumba yake, wakalifunika turubai na kupanga matete juu yake. Daktari Peter aliniita, akafunga mlango.

"Kesho tutasema gari limepeleka mgonjwa Korogwe. Ataomba kitabu cha rufaa, wote huwa wanaomba. Kwa hiyo andika jina."

"Jina la nani, dokta?"

"La mjamzito yeyote anayestahili rufaa. Huyo Siamanta. Kadi yake inajieleza. Andika ameondoka saa mbili asubuhi."

Hakuwa mtu mbaya. Nilimwona usiku na mchana akishona vidonda vya watu kwa uzi wa kubahatisha. Jasho lilikuwa limemlowesha shati kifuani, na nikagundua kwamba anaogopa kuliko mimi. Jambo hilo lilinitisha zaidi ya yote.

Nilibaki na kitabu mbele yangu. Niliandika tarehe. Niliandika herufi ya kwanza, S, nikasimama. Ningeandika kwamba Siamanta amekwenda Korogwe kwa gari, ilhali siku yake ikifika gari halitakuwepo na kitabu kitasema alishapelekwa. Kwangu ilikuwa kama kumfuta mtu angali hai. Nilifunga kitabu. Sikuwa nimeamua kusema ukweli, Mungu ananiona. Nilishindwa tu kuandika.

Jumamosi magari matano yalifika saa tano, vumbi likafunika maandazi ya Bibi Mwaija. Naibu Waziri alishuka, mrefu, miwani mkononi. Mheshimiwa Justa alishuka nyuma yake akiwa amevaa viatu vya chini, viatu vya mtu anayejua barabara zetu.

"Shikamoo, mheshimiwa," nilisema, lakini nadhani hakuna aliyenisikia.

"Gari liko wapi?"

"Limepeleka mgonjwa Korogwe, mheshimiwa," Daktari Peter alijibu. "Rufaa ya uzazi."

Naibu Waziri aliangalia chini, pale gari lilipokuwa likikaa. Majani yalikuwa yameota pembeni kote, na katikati palibaki udongo mkavu wenye umbo la gari, mafuta meusi yamegandia, na mayai mawili. Kuku mmoja alikuwa akizunguka, hajui pa kukaa.

"Kitabu cha rufaa," alisema.

"Munira, lete kitabu. Msomee mheshimiwa."

Nilikileta. Nilikifungua mbele ya watu wale wote, kamera za simu zikiwa juu, polisi wawili kando. Kulikuwa na tarehe na herufi moja.

"Soma, binti," alisema Naibu Waziri.

"Hakuna jina, mheshimiwa."

"Sauti."

"Hakuna jina. Hakuna mgonjwa aliyekwenda." Nilikuwa nikitazama viatu vyake. "Gari liko nyuma ya nyumba ya dereva, chini ya turubai. Halina giaboksi tangu Oktoba."

Nilisikia Twaha akivuta pumzi.

"Kwa hiyo mimi nimesimama bungeni nikasema uongo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nani alinipa huo uongo?"

"Mimi. Safu ya kumi na nne. Naandika moja ili wasilichukue gari." Niliyumba, nikajishikiza kwenye gari lake. "Na kwa sababu ya hiyo moja, tukipiga simu wilayani wanatuambia tunalo. Mwezi wa pili mtoto alikufa."

"Mheshimiwa, huyu binti ataanguka," Mheshimiwa Justa alisema. "Mleteeni kiti."

"Kiti baadaye," alisema Naibu Waziri. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Kwanza asahihishe. Hapa, mbele yangu."

Nililaza taarifa ya mwezi juu ya boneti ya gari lake, nikaandika sifuri, na ile sifuri haikuwa duara kabisa, ilikaa kama yai lililokanyagwa.

*

Jumanne watu wa wilaya walikuja kulivuta gari. Twaha aliliosha kwanza, ingawa haikuwa Ijumaa. Watoto walilikimbiza mpaka barabara ya Kabuku, kisha wakarudi.

Daktari Peter alipewa barua ya kujieleza, na mimi nikapewa yangu. Barua yangu ilisema nijibu ndani ya siku kumi na nne kwa nini nisichukuliwe hatua. Kuhusu gari jipya, Naibu Waziri alisema mwaka wa fedha ujao, na Mheshimiwa Justa akasema ataliuliza tena kila mkutano mpaka lije. Bibi Mwaija aliacha kuniuzia maandazi.

"Msomi wetu huyo," aliwaambia wateja nikiwa nasikia, "katupotezea gari letu kwa sifuri moja."

Usiku nililala nikisikiliza kama kuna mtu atabisha mlango. Niliona wanakijiji walikuwa sahihi. Udongo ule mkavu nje ya dirisha ulianza kuota majani, na Siamanta alikuwa amebakiza siku chache.

Alikuja tarehe mbili Julai, saa sita mchana, amepanda punda, Loishiye akimshikilia kiunoni. Uchungu ulikuwa umeanza. Daktari Peter alimpima, akanitazama juu ya tumbo lake.

"Piga."

Nilipiga. Simu iliita mara sita. Ikapokewa na ile ile sauti ya Februari, na mwili wangu wote ukaitambua.

"Kwemhingo," nilisema. "Mama ana kovu la upasuaji, uchungu umekwisha kuanza. Tunaomba gari."

Karatasi zikafunuliwa. Nilifumba macho.

"Kwemhingo... sifuri," alisema. "Haya. Natuma. Msimwache atembee."

Kutoka hapo tulisubiri saa moja na dakika arobaini. Loishiye alisimama barabarani na fimbo yake, hakugeuka hata mara moja. Daktari Peter alishika chupa ya dripu kwa mkono wake kwa sababu msumari ulikuwa umeng'oka ukutani. Siamanta alinishika kidole kimoja tu, cha shahada, akakiminya kila uchungu ulipokuja, na ulikuwa unakuja karibu zaidi na zaidi. Niliangalia shuka chini yake. Kila mara niliangalia shuka.

"Linakuja?" aliuliza.

"Linakuja."

"Dada Munira, na lisipokuja?"

Nilitoa kidole, nikampa mkono mzima.

Loishiye ndiye aliyesikia kwanza. Alipiga kelele kwa Kimasai, akakimbia kuja, na nyuma yake vumbi. Twaha alifungua milango ya nyuma ya gari kabla halijasimama vizuri. Wakampakia. Bibi Mwaija aliacha karai la mafuta jikoni, akaja kumbeba yule mtoto wa miaka miwili mgongoni bila kuniangalia.

"Jina la mgonjwa?" dereva aliuliza, injini ikiwaka. "Nipeni karatasi ya rufaa, niondoke."

Kitabu kilikuwa mezani. Ule ukurasa wenye herufi moja ulikuwa bado haujachanwa. Nilisimama mbele yake na kalamu.

"Andika, Munira," Daktari Peter alisema, chupa ya dripu ikiwa imekwisha kukabidhiwa kwa mwingine, mikono yake mitupu. "Sasa andika."

Nilikata ile S ya zamani kwa mstari mmoja. Chini yake niliandika Siamanta Loishiye, saa nane kasoro dakika kumi, kwa gari. Nikachana nakala, nikampa dereva, na vumbi likaelekea Kabuku.

Safu ya mwisho ya kitabu cha rufaa ni ya matokeo. Hiyo niliiacha wazi. Nilivuta kiti, nikaweka simu karibu na kalamu, nikakaa.