Kundi Namba Nne

Flashi ilikuwa juu ya meza katika benki ya damu ya Singida, karibu na kikombe cha chai. Nasma alipoiona, aliinyakua. Ilipaswa kuwa mfukoni mwa dereva Chediel, na Chediel alishaondoka Singida zamani, amebeba damu ya Rahma, dada yake Nasma, aliyejifungulia Itigi na sasa damu ilikuwa haikatiki.

Programu ya kuombea damu aliiandika Nasma mwenyewe. Kompyuta ya hospitali ya Itigi haikutuma jina la kundi. Ilituma namba tu, na kompyuta ya Singida ikaisoma kwa orodha ileile. Orodha moja, nakala mbili. Ukibadilisha ya huku, ya kule nayo lazima ibadilike, na kwa kuwa mtandao wa Itigi ulikuwa wa kubembeleza, nakala mpya ilisafiri kwa flashi. Asubuhi ile Nasma alikuwa amechomeka makundi hasi ya damu katikati ya orodha, eti ipendeze. Haya, ikapendeza! Namba nne, ambayo Itigi bado ilikuwa O, Singida sasa ilikuwa B hasi.

Zamani watu wa maabara walipigiana simu kuhakikisha. Nasma ndiye aliyewacheka: "Kompyuta zinaongea zenyewe, ninyi mnaongea nini?" Wakaona aibu, wakaacha.

Alimpigia Chediel. Simu haikupokelewa. Akapiga tena, akiwaza Rahma anavyopoa kitandani. Mara ya tatu simu ikapokelewa.

"Kaka Chediel, damu hiyo siyo!"

"Tumeshajua, dada. Fabiano wa maabara kasoma mfuko, kaukataa. Bahati mimi ni O, kanilaza hapohapo kanitoa damu, kampa dada yako."

"Rahma je?"

"Anahema. Ila mfuko mmoja hautoshi. Fabiano keshaomba mingine kwenye kompyuta yenu hiyo. Fanyeni upesi."

Nasma aligeukia kioo cha kompyuta. Ombi limeshafika: mifuko miwili, B hasi. Kiti cha mtunza jokofu la damu kilikuwa kitupu; alishaipakia mifuko, na uani gari jingine lilikuwa linanguruma.

Alitoka mbio bila viatu, akaligonga gari ubavuni kwa viganja mpaka likasimama. Akaliteremsha boksi la damu mwenyewe. Kabla ya kugusa mfuko mwingine wowote, akampigia Fabiano.

"Nisomee kundi la dada yangu," alisema. "Kwa mdomo wako."