Supu Nyekundu ya Kome

Mama mkwe alikuwa amekataa kula, na huyo mama akishakataa jambo, hata mvua irudi mawinguni, yeye habadiliki. Tangu arudi kutoka hospitalini, alikopasuliwa tumbo, uji akiuona anageuzia uso ukutani. Maziwa aliyagusa kwa ncha ya ulimi, basi. Mashavu yalibonyea, na pete ya ndoa ikawa inamponyoka kidoleni yenyewe. Daktari hakuficha: asipoanza kula, atatiwa mpira wa kupitishia chakula puani.

"Mimi si gari la kutiwa mafuta," alijibu mgonjwa, na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo.

Aliyebaki naye nyumbani ni mkwewe, mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Mumewe Fundi alikuwa mgodini, mbali, na simu yake ilikuwa haipatikani tena. Cherehani ilikuwa imefunikwa na vitambaa vya watu, na kila aliyekuja kuulizia gauni lake alirudi mikono mitupu. Fundi mwenyewe alikuwa hali vizuri, halali vizuri. Usiku aliweka sikio mlangoni kusikiliza kama mtu bado anapumua.

Basi Jumamosi asubuhi, bila kuulizwa, mgonjwa akafungua mdomo.

"Nataka supu yangu ya kome."

Fundi nusura aangushe beseni. "Ile nyekundu, Mama?"

"Ya nyanya, ndiyo. Ile ya maziwa ni ya watu wasio na meno."

Supu yenyewe ilikuwa na historia. Mama mkwe alikuwa mpishi wa hoteli maisha yake yote, na siku za mapumziko aliipika nyumbani akiwa amejifungia jikoni, kana kwamba anatengeneza fedha bandia. Fundi alikuwa ameinywa mara nyingi mno, lakini kuipika, hata mwiko wake hajawahi kuushika. Sasa hakuwa na la kuchagua. Angeambiwa kome wako chini ya sakafu, angeibomoa kwa kucha.

Alimtuma shemeji yake sokoni. Huyu ni mdogo wa mumewe, aliyeitwa Kesho kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila ombi. Siku hiyo lakini alisema "sasa hivi", akaondoka mbio. Alirudi jua likiwa utosini, amebeba mfuko wa plastiki uliofungwa fundo na kujaa maji.

"Umewatia maji ya bomba?" Fundi aliuliza, akifungua fundo.

"Si wanaishi majini, shemeji? Nimeona wasione kiu."

"Maji ya chumvi! Halafu umewafungia kwenye mfuko, juani!"

Akawamwaga kwenye sinki. Jambo moja alilijua, maana mama mkwe alikuwa akilisema kila mara: kome aliye hai ukimgonga anajifunga, anayebaki mdomo wazi amekufa, na akiingia chunguni atakuchukua na wewe. Fundi akagonga, mmoja mmoja, kwa mpini wa kisu. Wengi walimkodolea tu, midomo wazi. Waliojifunga walijaa kiganja. Wafu akawaweka kwenye bakuli pembeni ya jiko, akashukuru kwa hicho kiganja.

Akawasugua walio hai na kuwachemsha kwa maji kidogo mpaka wakafunguka. Yale maji yao akayachuja kwa kipande safi cha bitana, mchanga ukabaki kitambaani. Yalikuwa na chumvi kali, hivyo akatia nusu tu kwenye sufuria, nusu akaiacha kwenye jagi. Akakaanga vitunguu, akaongeza karoti, viazi vya vipande vidogo, kisha nyanya zilizoiva hadi kupasuka. Harufu ikatembea nyumba nzima.

"Vitunguu vinaungua!" ilisikika sauti nyembamba kutoka chumbani.

"Haviungui, Mama!"

Fundi akacheka peke yake, machozi yakimlengalenga. Akawatia kome wake wachache, akapunguza moto, akaenda kumwinua mgonjwa na kumpangia mito mgongoni.

Aliporudi, Kesho alikuwa anakoroga. Lile bakuli lilikuwa tupu.

"Ulisahau wengine hapa, shemeji. Nimekusaidia."

Fundi alishika ukingo wa meza akatazama sufuria ikitokota, nyekundu, nzuri, inanukia kama siku za heri. Shetani akamnong'oneza: watoe tu, moto unaua kila kitu, nani atajua? Akafikiria lile tumbo lililoshonwa juzi. Akainua sufuria na kuimwaga yote. Halafu akaketi sakafuni na kulia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Kesho alisimama pale na mwiko mkononi, hajui auweke wapi.

Baadaye Fundi alijifuta uso, akaingia chumbani.

"Mama, nimeshindwa. Nimeimwaga. Wale wabovu waliingia ndani."

"Nilijua utashindwa," Mama mkwe alisema polepole. "Ndiyo maana nikaomba hiyo. Nilitaka useme umejaribu kila kitu, uniache nipumzike."

Hapo ndipo Fundi alipowaka. "Upumzike? Na mimi nimwambie nini mwanao? Nimwambie mama yako alinipa mtihani, nikaanguka, tukamzika? Nimekuosha, nimekubeba, na wewe hapo unanitega kama panya! Kama ni kufa, Mama, utakufa siku yako, lakini si kwa mkono wangu!"

Akaogopa maneno yake mwenyewe. Hajawahi kumjibu mama mkwe hivyo. Mgonjwa alifumba macho.

"Maji ya kome," alisema hatimaye. "Yote umeyamwaga?"

"Yamebaki nusu, kwenye jagi."

"Basi una supu. Kome ni mapambo."

Fundi akarudi jikoni na nyanya zilizosalia na kiazi kimoja. Kesho akamenya. Supu iliyotoka ilikuwa nyepesi, ya masikini, haina hata kome mmoja. Mama mkwe akanywa kijiko, akakunja uso, akanywa kingine. Alifika nusu bakuli. Jua halijazama akaitapika yote, na Fundi alimshikilia kichwa akijua sasa kwamba hakuna tena cha kupika.

Alfajiri mgonjwa alimshika mkono. "Mwanangu," alisema, neno ambalo hakuwahi kumwita. "Tumbo limekataa, si mimi. Nipeleke wakanitie huo mpira wao."

Wakampeleka. Mpira ulimuumiza, akamtukana muuguzi kwa sauti ya kunong'ona, na Fundi akawa anaomba radhi kwa niaba yake. Hakuna aliyeahidi kitu. Daktari alisema wasubiri.

Fundi alitoka hadi koridoni, akapiga tena simu ya mgodini. Safari hii ikaita. Mumewe alipopokea, Fundi akasema, "Mama bado yupo. Njoo."