Mwaga Kwanza

Siku tuliyomzika ndugu yangu Kipngetich sikulia. Nasema mapema kwa sababu Silibwet nzima walishalisema, na mimi sipendi kusemewa. Nilisimama kando ya kaburi na leso mkononi, leso kavu, nikahesabu mabati ya nyumba ya jirani. Upande ule yalikuwa kumi na manane. Mwili ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliolaliwa, na moyo hivyo hivyo.

Kabla jeneza halijashushwa, baba yetu mdogo, Mzee Kimeli, aliuliza swali linaloulizwa kwetu katika kila mazishi. "Kama kuna mtu anamtai marehemu, ama marehemu alikuwa anamtai, aseme sasa mbele ya watu. Tusisikie maneno kesho." Kwa Mzee Kimeli d zote hutoka t, na hakuna anayemcheka. Kipngetich hakuwa mtu wa kukopakopa.

Mara Mbuthia akainua mkono. Mbuthia ndiye mwenye ukumbi wa gemu pale sokoni. Alikuja kwetu kutoka Nyandarua akiwa kijana, akafungua duka, duka likawa ukumbi. Alikuwa analia mpaka kamasi. Yeye analia, mimi dada wa tumbo moja nimekauka! Akasema, "Kipngetich ameniacha na deni moja. Hakumaliza ubao."

Nadhani alitaka tu kusema kwamba atamkosa, akapungukiwa na maneno. Lakini kwetu swali lile halijibiwi kwa mapambo. Ukisema deni, ni deni, na matanga hayafungwi mpaka liishe. Mzee Kimeli akauliza ni nani wa familia analibeba. Vichwa vyote vikanigeukia, maana baba alishafariki na mkubwa ni mimi. Nikasema, "Nimebeba." Nilisema vile mtu anavyojibu akiulizwa kama mvua itanyesha.

Sasa huo ubao. Kipngetich alikuwa anachuna majani chai asubuhi, na alasiri anakaa kwa Mbuthia mbele ya televisheni na ile mashine ya kaseti. Kaseti mpya ikija kutoka Nakuru, aliicheza yeye kwanza mpaka mwisho wake, kisha akaandika hukumu kwa chaki kwenye ubao ulioegemezwa mlangoni. Watu walikuwa wanakuja siku ya soko hata kutoka Chebunyo, wameshauza ng'ombe wao, wanasimama pale kusoma ubao, na wengine hawajawahi kushika padi ya kuchezea maisha yao yote. Mimi mwenyewe nilikuwa nasoma nikipita, ingawa sikumwambia. Nakumbuka alivyoandika:

"Gemu ya pikipiki. Barabara ni nzuri, lakini adui ni wale wale watatu wanabadilishiwa shati. Chai ya pili."

"Gemu ya ngumi. Yule mnene hapigiki hata ukilia. Huo si ugumu, ni uchoyo wa aliyeitengeneza. Rudisha nyumbani."

"Gemu ya vifaru. Ina mwisho, na mwisho wake unalipa jasho. Chai ya kwanza."

Hayo ya chai ya kwanza na rudisha nyumbani aliyaiba kwangu. Mimi ni karani wa kituo cha majani. Wakulima wanapanga vikapu foleni, lori la kiwanda liko njiani, na kazi yangu ni kukubali au kukataa kabla ya mizani. Tunataka majani mawili na chipukizi, hiyo ndiyo chai ya kwanza, basi. Sasa watu wana ujanja wao. Mtu anajaza majani magumu na mabua chini, juu anapamba kwa majani laini, halafu anakusalimia kwa heshima nyingi sana. Ndiyo maana kikapu hakihukumiwi kwa uso. Unakimwaga chote mezani mpaka chini. Kipngetich nilimfundisha hivyo tangu akiwa na meno ya maziwa: mwaga kwanza. Alipokua akaanza kuniita Madam Mizani, mshenzi yule, na watu wote kituoni wakalishika hilo jina.

Mwaka ule wa tisini na sita zilianza kuja kaseti zimeandikwa nje "michezo 999". Soko zima likapata wazimu. Kipngetich akaandika ubaoni: "Siku hizi mtindo ni wingi. Zamani kaseti moja gemu moja, lakini gemu yenyewe imeshiba. Sasa wanatuletea gunia. Ngojeni nimwage." Akaanza namba moja, akifungua kila gemu, akiangalia ni nini, akifunga, anaenda inayofuata. Namba tisa ilikuwa namba mbili iliyobadilishwa rangi. Namba arobaini ilikuwa namba tatu imeanzia katikati. Ubao wake wa mwisho ulisema: "999. Nimefika 612. Mpaka hapa gemu ni saba tu. Hukumu:" Halafu hakuna kitu.

Hakuna kitu kwa sababu ya siku ya Jumanne, na Jumanne hiyo nitaieleza mara moja tu.

Kipngetich alifika kituoni akihema, foleni ni ndefu, wingu limeshajaa upande wa Kericho. Akaweka kikapu mbele yangu. Juu kulikuwa na mabua. Mabua wazi kabisa, kama dharau! Nyuma yake kulikuwa na akina mama wawili ambao nilikuwa nimewarudishia majani yao asubuhi ileile, na niliwaona wanatazamana, wanangoja nimpendelee wa kwetu. Damu ikanipanda. Nikasema kwa sauti, "Rudisha nyumbani." Akacheka. Akasema, "Mwaga kwanza, Madam Mizani." Nikamwambia, "Macho yangu si ya kuazima. Toa hiyo takataka hapa." Nikakisukuma kikapu kwa mguu. Kwa mguu, ndiyo.

Hakukasirika. Alikiacha kikapu pale ukutani, akachukua gunia tupu, akarudi shambani achune mengine kabla lori halijafika. Mvua ya mawe ilimkuta katikati ya majani chai, na radi pia.

Basi. Tangu hapo nilitaka jambo moja tu duniani, kwamba nilikuwa sawa. Kama mabua yalikuwa mabua, basi nilifanya kazi yangu, na radi ni radi. Nilikuwa nakula, nalala, napima majani, na sihisi kitu. Mama alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni. Kikapu kilikuwa bado palepale kwenye pembe ya kituo, kimefunikwa gunia, maana hakuna aliyetaka kugusa kitu cha marehemu, na mimi nilikuwa nimejifunza kupita bila kugeuza shingo.

Siku ya tatu baada ya mazishi nikaenda kwa Mbuthia nimalize deni. Akanipa kiti na chai ya maziwa, akaniita kwa jina la binti yangu. Akasema, "Mama Chepkemoi, usijichoshe. Kila mtu anajua hiyo kaseti ni uongo. Andika tu 'rudisha nyumbani', mimi naikubali, yaishe."

"Amefika mia sita na kumi na mbili," nikamwambia.

"Gemu saba kwa mia sita! Zingine zitakuwa nini, malaika?"

"Mbuthia, niwashie mashine."

Sikuwa najua hata padi inashikwa juu au chini. Akanionyesha kitufe cha kuchagua na kitufe cha kuanzia, akaenda kukaa mlangoni. Nikaanza mia sita na kumi na tatu. Bata wa kupigwa risasi. Nikafunga. Kumi na nne, pikipiki. Kumi na tano, bata, mara hii wa kijani. Niliendelea hivyo mpaka saa kumi na mbili jioni, nikaenda nyumbani kukamua, kesho yake baada ya lori nikarudi. Vijana waliokuja kucheza waliniona nimekaa na aproni yangu ya kituo, wakaogopa kuniambia niondoke. Mmoja aliuliza kama nataka kufundishwa kuruka. Nikamwambia akae.

Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu aliyekufa ganzi. Vifaru, mpira, ngumi, bata. Zile saba nikazijua kama ng'ombe wa nyumbani. Hazikunifurahisha wala hazikuniudhi. Nilipofika mia nane nilianza kuona ujanja wa aliyetengeneza: kila ukurasa wa orodha juu aliweka majina mazuri, ya kuvutia, na chini yake yale yale. Huyo mtu, popote alipo, angeweza kuleta majani kwenye kituo changu. Niliwaza hivyo, na nusura nicheke, kisha nikakumbuka ni nani ningemwambia.

Siku ya nne ya kucheza, saa tisa hivi, namba mia tisa themanini na nane, iliyoandikwa Mlima, ikafunguka, na haikuwa bata.

Ilikuwa gemu sijaiona. Kulikuwa na kilima, na juu ya kilima nyumba ndogo, na mtu mdogo amebeba mzigo mgongoni anapanda. Ukibonyeza taratibu anapanda taratibu. Ukiharakisha, mzigo unamwagika njiani na anarudi kuuokota, kipande kwa kipande. Hakuna adui. Nilicheza. Nasema ukweli, nilicheza saa nzima, nikamwaga mzigo mara sijui ngapi, mpaka nikamfikisha mlangoni, na mlango ukafunguliwa, na kamuziki kafupi kakalia. Mbuthia alikuja akasimama nyuma yangu.

"Ngai! Hii imetoka wapi?"

"Ilikuwa chini," nikasema.

"Sasa nani anaweka kitu kizuri chini, mahali hakuna mtu atafika? Mwizi anaficha kibovu. Kizuri anakiweka juu kionekane."

Alisema tu, kama mtu anavyosema, huku anakuna kichwa. Mimi nikaweka padi chini. Miaka kumi na moja niko kituoni na sijawahi, hata siku moja, kuona mtu anayetaka kunidanganya akiweka mabua juu.

Sikumuaga Mbuthia. Nilitembea mpaka kituoni na aproni yangu, watu wananisalimia siitikii. Hakukuwa na foleni saa ile. Nikaondoa gunia. Mabua yalikuwa yamekauka juu ya kikapu, konzi mbili tu, si zaidi. Ni yale ya mistari ya kando ya barabara, ambayo mtu anavuta ovyo akisikia lori liko karibu na kikapu hakijajaa mpaka mdomoni. Nikakibeba kikapu mpaka kwenye meza yangu ya kukagulia, nikakimwaga chote.

Majani yalikuwa meusi, yameshikana, yana ukungu na harufu mbaya. Nikaanza kuyatenganisha kwa vidole. Mawili na chipukizi. Mawili na chipukizi. Nilikwenda mpaka chini kabisa, mpaka fito za kikapu, na ukiondoa zile konzi mbili za juu sikupata bua hata moja. Hakuna mkulima wa kituo changu aliyewahi kuniletea majani kama yale. Alinichunia vizuri vile kwa sababu karani ni dada yake na watu wanaangalia.

Woi, Kipngetich. Uliniambia nimwage.

Nilirudi sokoni siku inayofuata, siku ya soko, nikamaliza namba kumi na moja zilizobaki, zote ni zile zile saba, kisha nikasubiri watu wajae. Wale akina mama wawili walikuwepo, wanauza mboga ng'ambo ya barabara, nikawaita kwa majina waje. Mzee Kimeli na Mama walikuja pia kushuhudia deni likilipwa. Nikachukua chaki. Maandishi ya Kipngetich sikuyafuta. Pale alipoacha, baada ya neno hukumu, nikaandika:

"Gemu ni nane. Saba zimerudiwa mara mia tisa na zaidi, na huo ni wizi. Ya nane iko namba 988, inaitwa Mlima, na ni chai ya kwanza. Msiirudishe kaseti."

Mzee Kimeli akasema, "Limeisha." Lakini mimi sikuweka chaki chini. Niliandika tena, chini yake, kwa herufi kubwa ili wale wa nyuma waone:

"Kikapu cha Kipngetich cha Jumanne. Chai ya kwanza. Karani hakumwaga."

Watu walisogea, wakasoma. Mmoja wa wale mama akafunika mdomo kwa kanga. Kijana mmoja wa Chebunyo, ambaye hakujua habari zetu, akamuuliza Mbuthia, "Na hii ya kikapu ni gemu gani? Inachezwaje?"

Mimi nilitaka kumjibu, nikafungua mdomo, na kilichotoka si maneno. Nililia pale mlangoni mchana kweupe, mbele ya soko zima, mpaka Mama akaja akanishika.