Buni za Mnengele

Rosália, karani wa serikali aliyehamishiwa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka Beira, alikuwa mteja wa kwanza wa Mwanvua, muuza kahawa, kila asubuhi, mpaka daktari alipomkataza kahawa. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Siku moja akaja na kopo la kahawa iliyotolewa ukali wake wa kufukuza usingizi, akamwomba Mwanvua amchemshie. Mwanvua akaonja, akatema pembeni.

"Dona, haya maji ya kuoshea gunia."

"Kiwandani wanaloweka buni mbichi kwenye maji ya moto mpaka ukali utoke," Rosália akaeleza. "Wasipoangalia, na ladha inafuata."

Hapo Mwanvua akakumbuka kahawa-mwitu ya Mnengele, kijijini kwa mama mkwe wake, Bi Somoe. Ile haikuwa na ukali tangu kuota kwake. Watu waliinywa baada ya isha na bado wakalala fofofo, na harufu yake ilijaa nyumba nzima. Lakini Mnengele ilihamwa tangu vita vilipoingia Palma. Bi Somoe hakuonekana tena, si hai si maiti, na mwanawe Sualehe, mumewe Mwanvua, alikataa katakata kumwekea matanga.

Mwanvua akakodi pikipiki ya Adamo, wakafika saa nne asubuhi. Nyumba zilikuwa zimebaki kuta tu. Adamo akangoja njiani. Mwanvua akaingia kichakani, mara akasimama.

Chini ya mibuni palikuwa pamefagiwa. Michirizi ya ufagio ilikuwa mipya. Matawini zilikuwa zimechumwa buni nyeusi tu, zilizoiva barabara, mbichi zikaachwa, kama afanyavyo mtu anayejua kuwa chache mbichi huharibu chungu kizima. Mbele kidogo buni zilikuwa zimeanikwa juu ya jamvi. Akazigusa. Za juu zilikuwa na unyevu. Zilikuwa zimegeuzwa punde tu.

"Hodi!"

Kimya. Hata ndege hawakulia.

"Nimekuja kuomba, sikuja kuiba."

Akachuma kwenye miti isiyoguswa, kisha akarudi njiani nusu akikimbia.

"Mwenzio je?" Adamo akauliza. "Tusimngoje?"

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mama uliyekuwa unachuma naye. Mwenye kanga nyekundu."

Mwanvua akapanda pikipiki.

Buni zile alizianika wiki mbili, akazitwanga kutoa maganda, akazipepeta, akazikaanga kwa moto mdogo huku akikoroga bila kupumzika. Rosália akanywa vikombe viwili, akafumba macho kwa utamu. Kesho yake akarudi akicheka: moyo ulikuwa umetulia, na usingizi aliupata.

"Nataka hii kila wiki," akasema.

Ndipo Mwanvua alipomweleza mumewe. Sualehe akavaa viatu. Walipofika Mnengele walikuta buni za jamvini zimekwisha kutwangwa, zimegawanywa mafungu mawili yaliyo sawa. Sualehe akaita "Mama!" mpaka sauti ikamkauka. Wakachukua fungu moja. Palipokuwa na lile fungu Sualehe akaacha unga, kiberiti, na chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Jini hali chumvi," akasema. "Ikichukuliwa, basi ni mtu."

Baada ya siku saba wakarudi. Unga haukuwapo. Kiberiti hakikuwapo. Chumvi ilikuwa pale pale jamvini, fundo lake halijaguswa.

Mwanvua akamshika mumewe mkono. "Baba Zena, twende. Twende sasa hivi."

Lakini Sualehe alikuwa akitabasamu, machozi yakimtiririka.

"Mama ana presha," akasema. "Daktari alimkataza chumvi."

Akakaa kitako jamvini, akakunja miguu kama mgeni anayesubiri kuletewa kikombe. Mwanvua akabaki amesimama nyuma yake. Upepo haukuwapo kabisa, lakini mibuni ilikuwa ikitikisika, mti mmoja baada ya mwingine, ikija upande wao.