Siku Tuliyoibeba Nyumba Mama

Jana usiku niliota nimeingia kwenye chumba cha mikutano, nikakuta nyumba imekaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya Kimalay, ya mbao, yenye paa la makuti na nguzo ndefu. Nguzo mbili ilikuwa imezikunja chini ya meza.

"Vua viatu," ikaniambia.

Nikavua. Sikushangaa, maana nilikuwa na hofu nyingine. Mimi ni msanifu majengo, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi Malaysia. Ofisi yetu ilipewa kazi ya kusanifu kituo cha utamaduni wa Wamalay, ndani yake asili yao na usasa vikae pamoja. Kamati ilikuwa imekataa michoro yangu mara mbili. Mara ya kwanza walisema nimewachorea makumbusho. Mara ya pili, uwanja wa ndege. Bosi wangu, Puan Latifah (Puan kwao ni kama Bi kwetu), aliniambia wakikataa tena leo saa nne, kazi inakwenda kwa wengine, na mimi narudi kwetu.

"Unanijua?" nyumba ikauliza.

"Nyumba Mama," nikajibu. Ndivyo Wamalay wanavyoiita sehemu kuu ya nyumba zao.

"Sasa mbona umenichora mara mbili na hujanisalimia?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umenipima kwa kipimo gani?"

"Kwa mita."

Nyumba ikafunga madirisha yote kwa mpigo. Baadaye ikafungua moja. "Mimi hupimwa kwa pima za mikono ya mama. Mlete."

Nageuka kutafuta mama wa kuazima, na mlango wa kabati la mafaili unafunguka. Anatoka mama yangu, Bi Mwanaidi, moja kwa moja kutoka Tanga, mikono imejaa unga wa chapati.

"Mishi, umekonda," anasema. "Hawa watu hawakupi chakula?"

"Mama, nyoosha mikono."

Ananyoosha. Anapima ukuta hadi ukuta: pima sita na kiganja. Nyumba inatulia kama mtoto anayepakwa mafuta.

Kikohozi kikasikika pembeni. Ulikuwa ukumbi wa kisasa wa kwenye michoro yangu, wa kioo na chuma, umesimama umeelekea ukutani, unatoka jasho.

"Sipumui," ukasema. "Umeandika kwenye maelezo kwamba jengo lipumue, halafu umeniziba pande zote. Nimebana pumzi tangu Jumanne."

"Pole. Nilikuwekea kiyoyozi."

"Kiyoyozi kinapumua kwa niaba yangu. Nataka kupumua mwenyewe."

Mama akaupepea kwa ncha ya khanga. Kioo kikakauka kidogo, kisha jasho likarudi. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimewaweka hawa wawili ubavu kwa ubavu, nikawaunganisha kwa ujia, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

"Nilidhani mtapatana," nikasema.

"Ulitugandisha tu," ikajibu Nyumba Mama. "Huyu ana joto, mimi nina kivuli. Hukuona?"

Nikakiri kwamba sikuona.

"Basi niinueni."

Zamani Wamalay walipohama waliweza kuhama na nyumba yenyewe: majirani waliingia chini yake wakaibeba mabegani. Natazama, kuta za ofisi hazipo. Tuko kwenye shamba la mpunga, asubuhi. Puan Latifah amepandisha nguo hadi magotini. Wanakamati watatu wanakunja suruali. Haji Ramli, mwenyekiti wao, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka, anaamuru: "Bega la kulia, wote!"

Tunaingia chini. Inanyanyuka. Nzito, jamani!

"Taratibu hapo kwenye kona!" mama anapiga kelele, na shamba halina kona. Ghafla lina kona. Limekuwa Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, watu wanatupisha, na muuza kahawa anauliza tunahamia wapi.

"Juu," anajibu Haji Ramli.

Tukaipandisha juu ya ukumbi wa kioo. Nguzo zikashuka pembeni yake, kivuli kikaanguka, upepo ukapita katikati.

"Haaa," ukasema ukumbi, ukashusha pumzi yote tangu Jumanne.

Nikaamka. Kumekucha, na bega la kulia linaniuma. Nikajiambia nimelala vibaya. Nikachora haraka: nyumba ya mbao juu, ukumbi wa kioo chini yake kivulini, kuta zake zikifunguka. Nilifika kikaoni zimebaki dakika tano.

Haji Ramli aliuvuta mchoro karibu.

"Hii," akasema, "imekaa."

Wenzake wakakubali. Puan Latifah akanibana mkono chini ya meza.

Haji Ramli akachukua kalamu atie sahihi, mkono ukagoma kuinuka. Akaomba radhi: ameamka na maumivu ya bega la kulia, hajui kwa nini.

"Hata mimi," akasema mjumbe wa pili.

Wa tatu alikuwa ameshaanza kusugua lake. Akaniinamia.

"Na mama," akauliza kwa sauti ya chini, "alifika salama?"