Utando Kwenye Ufagio

Kwa miaka sita mama mkwe wangu, Doña Auxiliadora, amenitangaza kwa kijiji kizima kuwa mchafu, kisa kona moja ya upenu nisiyoifagia. Utando wa buibui wa kona ile una mwenyewe. Mvua zikianza, ndege mvumaji mdogo kuliko wote pwani yetu, tunayemwita kinyota, huja kuuchota akajengee kiota. Nimelisema hilo mpaka nimechoka. Nani amsikilize mchafu?

Kikundi cha waongoza wageni wanaokuja kutazama ndege kilikuwa na nafasi moja, na niliitaka mpaka usingizi ukanipaa. Mkubwa wao, Don Eustorgio, alinipa sharti: nimwonyeshe kiota cha kinyota, kitu ambacho yeye alikuwa amekitafuta miaka tisa bila kukiona. Akaja asubuhi, darubini shingoni. Nikampeleka moja kwa moja kwenye kona yangu, tumngoje ndege kisha tumfuate. Ilikuwa imefagiwa, safi kabisa.

"Nimekusitiri," mama mkwe akasema, ameinua ufagio. "Mgeni aje aone madudu yale?"

Nilitaka kulia. Don Eustorgio alikuwa ameshaanza kuaga niliposikia mvumo.

"Nyuki tu huyo," akasema.

"Nyuki gani anatikisa mkia, Don? Tazama wavumaji wakubwa pale mauani, hawamfukuzi. Anapita polepole, wanamdhania nyuki, kama wewe. Na yale madoa meupe ubavuni? Huyo ni jike, anajenga. Madume yao hayajengi."

"Kama ya humu ndani," mama mkwe akadakia.

"Mama, usitikisike. Anakuja kwako."

Kinyota alielea mbele ya ufagio, akachomoa uzi wa utando uliozonga njiti, akaondoka. Mama mkwe alibana pumzi. Ndege akarudi mara nne. Mara ya tano tulimfuata kwa macho mpaka kwenye mti wa muyuyo nyuma ya choo. Juu, kwenye kijitawi, kulikuwa na kiota kisichozidi kifuniko cha chupa.

Don Eustorgio alitazama weee, kisha akashusha darubini.

"Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri," akaniambia. "Usichelewe, mwenzangu."

"Na mimi nishushe mkono saa ngapi?" mama mkwe akanong'ona.

"Akimaliza, Mama."

Jirani akapita, akamuuliza mbona ufagio wake una utando hivyo.

"Pita zako," mama mkwe akamwambia. "Unatukatisha kazi."