Kofia Aliona

Mimi nikitazama filamu siwezi kufunga mdomo. Marehemu mume wangu alijaribu kunizoeza, akashindwa. Televisheni ni yangu, betri ya sola ni yangu, na Kifaransa kinachopita chini ya picha ni mimi peke yangu hapa mtaani ninayekisoma upesi. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada, majirani wakija kwangu hapa Kashikishi, kando ya ziwa, kutazama série ya mazombi, ninawatafsiria, na nisipopata neno naongeza chumvi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumapili ile niliomba kimoyomoyo wasije, hasa Florentine. Jumamosi iliyokuwa inakuja, wakwe zake walitaka kumaliza matanga ya mumewe, Djo, na yeye alikuwa amekataa. Djo alitoka na mdogo wake Chadrack kuvua chisense, wale samaki wadogo wanaofuata mwanga wa taa. Upepo ukawapindua. Chadrack alirudi peke yake, midomo imepasuka kwa baridi, akasema hakuona kitu. Ziwa halikumrudisha Djo, wala Chadrack hakurudi tena majini. Siku hizi anauza betri sokoni.

Katika ukoo wao, mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha huzikwa kwa shati lake, lile ambalo halijafuliwa, lenye jasho lake. Aliyemgusa mwisho akiwa hai ndiye hulibeba mikononi mpaka kaburini, kama anavyobebwa mtoto mchanga. Bila shati hakuna matanga. Shati Florentine alikuwa nalo, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Na wa kulibeba, wote tulisema, ni yeye, maana ndiye aliyemfunga Djo vifungo vya koti pale ufukweni. Kila walipomwomba shati alijibu vilevile: nani alimwona akifa?

Basi wakaja wote. Mama Yolande, mama yao Djo na Chadrack, alikaa kwenye kiti changu kizuri. Florentine alikaa mkekani. Chadrack, kama kawaida yake, alikaa karibu na mlango akitazama sandali zake. Alikuwepo pia Kafula, jirani yetu wa kabila la Wabemba anayetengeneza nyavu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni lakini mambo ya mazombi anayajua kuliko wanaoyaigiza.

Hadithi ilikuwa imefika pabaya. Watu waliosalia wamejificha ndani ya shule, katikati ya mji wa magorofa, na ukuta umeanza kupasuka. Lazima waondoke. Lakini Helena hataki, kwa sababu mumewe Tomas alikwenda na rafiki yake kutafuta dawa dukani, na rafiki akarudi peke yake. Rafiki huyo sisi tunamwita Kofia, kwa kuwa kofia yake haivui hata akilala. Kofia alisema hakuona kitu. Tangu hapo Helena anamwekea Tomas sahani yake mezani kila jioni.

"Awe, mwandi!" Kafula akapiga goti lake. "Huyu mwanamuke ni chipuba, mupumbavu kabisa. Ukuta inaanguka, yeye anapanga sahani!"

"Nyamaza, nisome," nikamwambia.

Mama Yolande akasema kwa sauti ya chini, ila si chini ya kutosha, "Mutu mwenye kukatala kuzika, anafunga batu bote ndani pamoja naye."

"Mama, amuzike nani?" Florentine akauliza bila kugeuka. "Nani alimuona Tomas anakufa?"

"Kama ni muzima, angekuya."

"Pengine anatafuta njia."

"Njia gani, Florentine? Njia gani?"

Chumba kilikuwa na joto kama tanuru la mkate. Hakuna aliyekuwa akizungumza juu ya Tomas. Ni Kafula tu, maskini, ambaye hakunusa chochote. Akaongeza kwamba hata Tomas akirudi atarudi zombi, hatamjua mkewe, atamng'ata. Niliona mgongo wa Florentine unakakamaa. Nilitamani kumpiga Kafula kwa mwiko. Yule binti nampenda, ndiye aliyenisaidia nilipougua, na sikuwa tayari kuona anasagwa nyumbani kwangu kwa kisingizio cha filamu. Nikaamua kuwageuzia maneno.

"Mupumbavu si Helena," nikasema, nikasimama kabisa. "Mupumbavu ni ule mwenye kuandika hii série. Haina logique! Muangalie: ile duka ni kidogo kama hii chumba yangu. Batu babili, taa moja. Njo Kofia atatuambia hakuona? Mutu anakufa pembeni yako, anakushika, anakuita, na weye hauone? Ao mwenye kuandika alisahau, ao Kofia anadanganya. Na kama anadanganya, ni yeye anamufunga ule mwanamuke hapa. Helena hana kosa."

Nilijisikia nimesema vizuri sana. Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Kafula alikuwa anatazama pazia. Watu wawili, taa moja. Mungu wangu, nikajiambia, Pierrette, na huo mdomo wako! Nilitaka kuzima moto, nikaumwagia petroli.

Florentine aligeuka taratibu. Hakunitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "weye unaona namna gani? Kofia aliona, ao hakuona?"

"Ni filme tu," Chadrack akajibu sandali zake.

"Kafula alisema yake. Mama alisema yake. Sema yako."

Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti. "Acha iwake," Florentine akaniambia, na mimi, mwenye nyumba, nikaacha. Kwenye skrini mazombi walikuwa wanapiga geti, du, du, du.

"Pengine aliona," Chadrack akasema. "Pengine anaogopa. Akisema aliona, watamuuliza: na weye ulifanya nini?"

"Na alifanya nini?"

"Florentine," Mama Yolande akaita.

"Tunaongea filme, mama. Kofia alifanya nini?"

Chadrack alifuta uso kwa kiganja. Alipoanza kusema, alisema haraka, kama mtu anayetapika.

"Kulikuwa nafasi ya mutu moja. Kama ni babili, banakufa bote. Mwenzake alikuwa anashika pembeni ya bwato, mikono yote mbili, na bwato imejaa mayi, inaenda chini. Anamuambia, achia kidogo, ngoja. Yee hasikie. Njo akamutosha vidole, akavibandua. Kimoja, kimoja."

Hakuna mtumbwi katika série ile. Ni mji mkavu, lami na magorofa. Tangu ianze hatujaona hata mto.

Chadrack naye akalisikia alilosema. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini lilikuwa limeshatoka. Mama Yolande alivuta kitenge chake mpaka machoni. "Batoto bangu," akasema mle ndani ya kitenge. "Batoto bangu babili."

Florentine hakulia. Ningefurahi angelia, uso ule mkavu ulinitisha.

"Alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Djo."

Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutajwa siku ile.

"Alisema, Chadrack, ni mimi." Chadrack alikuwa amerudisha macho kwenye sandali zake. "Alizania simujui. Alikuwa anasema ile moja tu. Ni mimi. Ni mimi."

Florentine akainuka, akatoka. Nyumba yake iko nyuma ya yangu tu, tukasikia mlango wake ukifunguka. Sitaficha: nilifikiri amekwenda kuchukua panga, nikasogea mbele ya Chadrack bila kujua nitafanya nini nikifika. Nilizima televisheni. Mpaka leo sijui kama ukuta wa ile shule ulianguka, na hakuna aliyeniuliza.

Alirudi na mfuko. Akafungua fundo, na harufu ya moshi, samaki na jasho la mwanaume ikajaa chumbani. Akazamisha uso ndani ya shati, mara moja, kwa muda mrefu. Mama Yolande alikuwa ameshanyoosha mikono kulipokea. Florentine akampita. Akanipita na mimi, mpaka mlangoni.

"Jumamosi," akasema.

Chadrack akatikisa kichwa. "Weye njo utabeba, Florentine. Bote balisema. Weye njo wa mwisho kumugusa."

"Hapana," akasema. "Si mimi."

Akasimama pale na shati amelinyoosha, akamngoja mpaka akafungua mikono.